Tumeokoa nyumba isipigwe mnada, lakini CRB bado inatufunga

SWALI: Mimi na mume wangu tulichukua mkopo wa benki, rehani ikiwa nyumba yetu hapa Nakuru. Mume alipoachishwa kazi tulikwama karibu mwaka mzima. Notisi zote zilikuja, hadi dalali akatangaza siku ya mnada. Sacco na ndugu wakatuokoa: tukalipa malimbikizo, na benki ikaupanga mkopo upya. Tangu hapo hatujakosa hata mwezi mmoja. Juzi niliomba mkopo wa kununua mashine ya posho nikanyimwa. Ripoti ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, inaonyesha nina mikopo miwili ya nyumba, mmoja ukiwa chechefu (usiolipwa). Kuna kijana anasema nikimpa pesa atafuta rekodi yangu huko CRB. Nifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Nakuru

JIBU: Mama, poleni kwa yaliyowapata, na hongereni kwa kuiokoa nyumba. Wengi hufikia siku ya mnada hawajapata hata nusu ya pesa.

Huyo kijana usimpe hata shilingi. CRB huandika kile ambacho benki imewasilisha, na hakuna mtu wa kando mwenye ruhusa ya kuingia na kufuta. Atachukua pesa yako pamoja na nambari ya kitambulisho chako, na hiyo nambari ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Sasa tutenganishe la kweli na kosa. Ile miezi mliyoshindwa kulipa ni kweli. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa chechefu, na taarifa hiyo hubaki hadi miaka 5 baada ya deni kulipwa. Haifutiki kwa barua wala kwa kubembeleza. Lakini mikopo miwili ya nyumba moja, kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea kuwa kosa. Benki nyingi zinapopanga mkopo upya hufungua akaunti mpya. Ile ya zamani inapaswa kuonekana imefungwa na salio lake ni sufuri. Karani akisahau kuifunga, inaendelea kuhesabu siku za kuchelewa huku wewe ukilipa ile mpya kila mwezi.

Chukua ripoti kutoka kampuni zote tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja inapaswa kukupa ripoti moja bure kwa mwaka. Mume wako naye achukue zake, maana rekodi hufuata kitambulisho cha mtu. Yako ikirekebishwa, yake yaweza kubaki vilevile. Kisha linganisha nambari ya akaunti, tarehe ya kufunguliwa, salio, siku za kuchelewa na tarehe ya malipo ya mwisho.

Andikia benki na kampuni ya CRB siku hiyohiyo, usingoje mmoja ajibu kwanza. Ambatisha barua ya kupangiwa mkopo upya, taarifa ya akaunti tangu kabla hamjakwama hadi leo, stakabadhi za malimbikizo na nakala ya kitambulisho. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu muda unahesabiwa kuanzia hapo. CRB inatakiwa kuweka alama kwamba taarifa hiyo ina mgogoro, na uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa yenyewe inapaswa kuondolewa. Wakikuzungusha, andikia Benki Kuu. Pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo, na Kamishna wa Data hupokea malalamiko.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaliangalii. Gharama za dalali, wakili na mthamini wa nyumba mara nyingi hutupiwa kwenye akaunti ya mkopo. Mnalipa awamu kamili kila mwezi, lakini kuna shilingi elfu kadhaa za gharama ambazo hamkuambiwa, na hizo zinaweza kuufanya hata mkopo mpya uonekane umechelewa. Omba mchanganuo wa kila gharama kwa maandishi. Malipo ya dalali yamewekewa viwango kwenye Kanuni za Madalali za 1997, kwa hiyo una haki ya kuuliza hesabu hiyo ilitoka wapi. Mkikuta baki ambalo ni halali, lilipeni mara moja, kisha muombe benki ipeleke taarifa mpya CRB.

Usichanganye haya na cheti cha CRB kile cha kuombea kazi. Cheti kinaeleza tu kwamba kwa sasa huna deni chechefu. Mkopeshaji atasoma ripoti nzima.

Kuhusu mashine ya posho, usiombe tena benki nyingine kabla hamjasahihishiwa ripoti, na mikopo ya simu iacheni kwa sasa. Anza na hiyo sacco iliyowasaidia, kwa sababu inawajua. Peleka barua ya ukurasa mmoja inayosema wazi kazi ilipotea lini, malimbikizo yalilipwa lini, na mmelipa awamu ngapi tangu hapo, pamoja na taarifa ya akaunti ya kuthibitisha.