Jibu: Sergio Leone aanziwe wapi, na ile filamu ya 1984 itazamwe toleo lipi?

Ndugu, umeuliza kwa nini Once Upon a Time in America uliyonayo haieleweki, na kazi za Leone, mwongozaji wa filamu kutoka Italia, zianzwe na ipi.

Angalia kwanza urefu wake. Ikiwa ni dakika 139, hiyo ndiyo iliyokatwa kwa ajili ya kumbi za Marekani mwaka 1984. Leone aliijenga hadithi ikirukaruka kati ya utoto wa wahusika, mwaka 1933 na 1968. Wasambazaji waliipanga upya kwa mfuatano wa miaka, na kumbukumbu za Noodles, mhusika mkuu, zikapoteza maana. Ni hasara kubwa kweli. Tafuta ya dakika 229, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Ile ya dakika 251 ya mwaka 2012 ina vipande vilivyorejeshwa ambavyo picha yake imefifia. Iache kwa mara ya pili.

Kuanza, chukua A Fistful of Dollars (1964), kisha For a Few Dollars More (1965), ndipo The Good, the Bad and the Ugly (1966). Usiiruke ya kati.

Hizi tatu zilipigwa kwa Techniscope, mfumo wa kupiga filamu kwa gharama nafuu: kila fremu (picha moja) ilichukua urefu wa matundu 2 ya pembeni mwa utepe badala ya 4, hivyo utepe ukatumika nusu na gharama ikashuka. Fremu ndogo hivyo ikikuzwa, chembechembe za utepe huonekana. Zima kipengele cha kulainisha picha kwenye televisheni. Kikiwa kimewashwa, nyuso huonekana kama nta, na Leone alizitegemea sana nyuso. Nakala iliyokatwa pembeni ili kujaza kioo usiiguse kabisa.