Ile fonti iliyovimba kama andazi: maswali yenu

Juzi niligusia fonti (yani mitindo ya herufi) nene za mabango, mkanijazia maswali, na karibu yote yanazungukia fonti moja tu. Haya tuanze.

Fundi shikamoo. Kuna maandishi nayaona kwenye ndege za easyJet, yamejaajaa kama maandazi, hiyo fonti inaitwaje?

Marahaba. Hiyo ni Cooper Black, na hapo kwenye maandazi umepatia kabisa. Ni fonti ya serifu, yani herufi zina vile vimiguu kwenye ncha, ila vya hii havina kona hata moja, vimeumuka kama unga uliolala na hamira. Ukitaka kuhakikisha angalia O kubwa, kitundu chake cha ndani hakijasimama wima, kimelalia nyuma upande wa kushoto, alafu nukta ya i sio duara, ni kama yai. Ukiona hivyo viwili ujue ndo yenyewe.

Hii si ya miaka ya 70? Mshua alikuwa na fulana imeandikwa hivyo hivyo.

Wengi mnanasa hapo. Oswald Cooper, mchora herufi wa Chicago, aliitoa mwaka 1922, ikauzwa na kiwanda cha herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, cha Barnhart Brothers & Spindler. Watu wa matangazo wakaigombania, wale wahafidhina wa uchapaji wakaiponda kweli kweli, na mwenyewe alikuwa anatania kwamba ameitengenezea wapiga chapa wanaoona mbali ambao wateja wao hawaoni mbali. Baadae ndo ikafufuka, bendi ya Beach Boys ikaiweka kwenye kava la albamu yao ya 1966, lile wanalisha mbuzi, na miaka ya 70 kule Marekani ikatapakaa kwenye fulana za maandishi ya kubandika kwa pasi. Kwaiyo mshua wako huenda alivaa fonti iliyomzidi umri.

Nina kibanda cha chipsi na juisi, nataka menyu yote iwe Cooper Black, inafaa?

Jina la kibanda ndio, menyu yote hapana jamani. Hii fonti imechorwa iwe kubwa. Angalia a na e, vile vitundu vyake ni vidogo mno, ukiishusha mpaka saizi ya bei na ukaprinti kwenye karatasi ya kawaida wino unaviziba, mteja anaona madoa meusi kama mende wamejipanga. Na Kiswahili chetu kina a nyingi balaa, hebu andika "tunawakaribisha" uhesabu. Jina liweke kubwa, tena kwa herufi ndogo ndogo au anza na kubwa moja tu, maana utamu wake wote uko kwenye herufi ndogo, ukiandika zote kubwa inakuwa ukuta. Sogeza herufi zikaribiane kidogo, zikae kama abiria wa daladala ila zisikanyagane. Vyakula na bei tumia fonti nyembamba isiyo na mbwembwe.

Mimi bango langu ni la "Ng'ombe Choma", ile alama ya juu inaonekana kama msumari. Shida nini?

Swali zuri kuliko yote leo! Hiyo alama uliyopiga ni ile iliyonyooka ya kibodi, sio koma ya juu yenyewe. Word mara nyingi inakurekebishia kimya kimya, ila programu nyingi za kudizaini zinakuachia ule msumari, na kwenye fonti nene namna hii unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Koma halisi ina kichwa cha duara na kamkia, imenona sawa na wenzake. Ikopi kutoka Word uipesti. Alafu utakuta imeacha pengo kati ya g na o, ivute kwa mkono.

Naipata wapi bure?

Kama una Microsoft Office kwenye kompyuta cheki kwanza, mara nyingi imo. La sivyo nenda tovuti ya Google Fonts uchukue Caprasimo, sio yenyewe ila ni ndugu wa karibu na ni ya bure hata kwa kazi ya hela. Msipakue yale mafaili ya kuokota huko mtandaoni, mengine hata namba hazijakamilika.

Kwenye tangazo la msiba je?

Hapana. Inachekacheka sana.

Nikipeleka kazi kwa mpiga chapa fonti inabadilika, anasema ni kosa langu. Kweli?

Ni kweli, pole. Kompyuta yake haina hiyo fonti kwaiyo inaweka nyingine inayoipenda yenyewe. Kabla hujatuma geuza maandishi yawe michoro (kwenye programu ya Illustrator ni Create Outlines), ila baki na kopi ambayo bado inaeditika. Mimi nilijifunza kwa kadi 200 za harusi, nilikuwa na haraka nikatuma faili hivyo hivyo, zikarudi jina la bibi harusi limeandikwa kama barua ya kuitwa kwenye baraza la kata. Bibi harusi alicheka, mama yake hakucheka, nikazichapa upya zote kwa hela yangu.