Natimiza 65 lakini sistaafu bado, Medicare nijiandikishe au nisubiri?

SWALI: Habari zenu wanangu. Mimi ni mama wa Mombasa, niko Minneapolis miaka mingi sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na bima yangu ni ya kazini. Mwezi wa 8 mwaka huu wa 2026 natimiza 65 ila kustaafu bado, nataka nifike 67 ndo nichukue pensheni ya Social Security. Sasa wenzangu wananichanganya, mmoja aniambia Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, inakuja yenyewe ukistaafu, mwingine aniambia nisipojiandikisha ntatozwa faini maisha yangu yote. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo mama. Huyo wa pili ndo yuko karibu na ukweli, ila kwako inategemea kitu kimoja ambacho hukukitaja, mwajiri wako ana wafanyakazi wangapi. Ntafika hapo.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani pensheni na bima ni kitu kimoja. Pensheni kamili ya Social Security kwa aliyezaliwa 1960 kuja juu ni mpaka 67, lakini Medicare haijasogea, iko palepale kwenye 65. Na inakuja yenyewe kwa yule tu ambaye tayari alishaanza kupokea pensheni miezi kadhaa kabla ya kufika 65. Wewe hupokei, kwaiyo usikae kusubiri kadi kwenye posta, lazima uombe mwenyewe, mtandaoni au kwa Social Security, na ukitaka mkalimani wa Kiswahili omba, ni bure.

Muda wako wa kuomba ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe na mitatu baada yake, yani kuanzia wa 5 hadi wa 11. Part A, ile ya kulazwa hospitali, huilipii kila mwezi kama una krediti 40 za kazi, kama miaka 10 hivi, zako au za mume wako. Na hapa mama niseme wazi maana inaniuma, wako kina mama waliolea watoto wa watu na kusafisha nyumba miaka na miaka wakilipwa keshi mkononi bila kodi kukatwa, alafu wanafika 65 wanakuta krediti hazitoshi. Ingia kwenye akaunti yako ya Social Security uangalie mwaka mmoja mmoja, ukikuta mwaka umeandikwa sifuri na W-2 ya mwaka huo, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi, unayo, peleka warekebishe.

Part B sasa, ya madaktari na vipimo, hiyo mwaka huu ni dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi. Kama mwajiri wako ana wafanyakazi 20 au zaidi na bima ni ya kazi unayoifanya sa hivi, unaruhusiwa kuiacha mpaka siku utakayoacha kazi, faini hakuna. Lakini wakiwa chini ya 20, Medicare ndo inatakiwa ilipe kwanza, na kama huna Part B ile bima ya kazini inaweza kukataa bili na mzigo ukabaki kwako. Zile kampuni ndogo za kuhudumia wagonjwa majumbani ziko ambazo hazifikishi watu 20, kwaiyo usikisie, waulize HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, wakujibu kwa maandishi. Waulize pia kama bima yao ya dawa inakubalika kwa Medicare, maana Part D, ile ya dawa, nayo ina faini yake. Alafu kama unaweka hela kwenye HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, ukishaingia Part A hutakiwi kuendelea kuweka.

Faini ya Part B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa bila sababu inayokubalika. Ukichelewa miaka 2 ni asilimia 20, kwa bei ya leo kama dola 40 kila mwezi, na unaendelea kuilipa muda wote utakaokuwa na hiyo Part B. Kwa anayeishi kwa pensheni hizo si hela ndogo.

Siku utakapoacha kazi una miezi 8 ya kujiandikisha bila faini. Chukua fomu inaitwa CMS-L564, HR wanajaza lini ulianza kazi na bima yao ilikuwa ya lini mpaka lini, wanasaini, unaipeleka pamoja na CMS-40B ambayo ndo ombi lako la Part B. Fanya hivyo kabla hujaondoka, ukishatoka kumpata mtu wa kukusainia ni kazi. Na tafadhali mama, ukiachishwa kazi wakakupa COBRA, yani kuendelea na bima yao kwa muda kwa kulipa mwenyewe, usiseme nina bima bado, ile haihesabiki kama bima ya kazini, ile miezi 8 inaendelea kukatika huku wewe umetulia, na hapo ndo watu wengi wananaswa.

Kwa Minnesota wapigie Senior LinkAge Line, ushauri wao ni bure na hawauzi bima.

SWALI: Nimemleta mama yangu kwa green card, ana 71, huu mwaka wa tatu yuko nami Columbus. Medicare atapata?

JIBU: Bado ndugu yangu. Anatakiwa awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo, kwaiyo kumpeleka nyumbani akakae muda mrefu kunaweza kuvuruga hesabu hiyo. Ikifika, kwa kuwa hajafanya kazi huku Part A atainunua, mwaka huu ni dola 565 kwa mwezi, ila anaweza kuchukua Part B peke yake, na kama kipato chake ni kidogo kuna mpango wa jimbo wa kumlipia, uliza. Kwa sasa mwangalizie bima ya HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima ya afya, wa green card anaruhusiwa hata kama amepita 65. Na akienda kusalimia Tanga au Mwanza mkatie bima ya safari, Medicare ya kawaida hospitali za kule hailipi.