Begonia inayolala kabla ya kuchanua, na maswali mengine

Maswali ya safari hii yote ni ya begonia za kiazi, zile zenye ua la kujaa kiganja. Mengi yametoka kwa watu wa Bukavu wenye vitalu vya plastiki nyuma ya nyumba, na moja limetoka Goma.

Nilipanda viazi vitano mwezi wa tisa. Vyote vilitoa majani manne matano na ua moja dogo, kisha majani yakageuka manjano na shina likaanguka. Vimeoza? (Mama wa Kadutu)

Hapana Mama, havijaoza. Fukua kimoja: utakikuta kigumu, na pengine kimenenepa kuliko siku ulipokipanda. Mmea umelala, na kilichoulaza ni urefu wa siku.

Mababu wa begonia hizi walitoka milima ya Andes, huko Bolivia na Peru, lakini waliozichanganya hadi zikapata maua makubwa walikuwa wakulima wa Ulaya, tangu karne ya 19. Zimezoea kiangazi cha huko: mwezi wa sita, London hupata mwanga wa jua kwa zaidi ya saa 16. Siku zikifupika, mmea unajua baridi inakuja. Unaacha maua na kuweka akiba yake ardhini. Sasa sisi hapa siku yetu ni ya saa 12 mwaka mzima, na kati ya siku ndefu na siku fupi tofauti haifiki dakika 20. Begonia ikifungua macho Bukavu, inadhani msimu umeshakwisha.

Dawa yake ni taa. Tundika balbu ya LED ya wati 9 mita moja juu ya mimea, iwake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Mwanga mkali hauhitajiki; kazi yake ni kuudanganya mmea kwamba jua halijatua. Na kwa kuwa umeme wetu mara nyingi unarudi watu wamelala, jua pia kwamba taa ikiwaka kati ya saa nne na saa nane usiku inasaidia vilevile, maana inaukata usiku vipande viwili. Mimi niliamini siku nilipoacha chungu kimoja barazani chini ya taa ya mlango. Wenzake ndani ya kitalu walilala wote. Hicho kiliendelea kuchanua, na cha barazani hakikuwa na mbolea ya ziada wala plastiki juu yake.

Anza na taa tangu chipukizi linapotokeza. Mmea uliokwisha kuamua kulala hauamshwi kwa taa, uache upumzike.

Kila kikonyo kinatoa maua matatu. La katikati ni zuri, ya pembeni ni membamba. Niyaache? (Kaka wa Muhumba)

Yatoe, Kaka, na uyatoe mapema. La katikati ni dume, ndilo lenye petali nyingi zilizojazana. Ya pembeni ni majike. Ligeuze moja ulitazame kwa nyuma: utaona kijifuko cha kijani chenye mabawa matatu. Humo ndimo mbegu zinamokaa, na mbegu hula chakula ambacho ua kubwa lingekula. Yakiwa bado madogo kama punje ya mahindi, yavunje kwa kucha za vidole.

Ukitaka ua la upana wa sentimita 15 au zaidi, kuna jambo gumu zaidi, na najua wengi hamtalipenda. Bakiza shina moja kwa kila kiazi. Yale mengine yakate yakifika urefu wa kidole, uyaoteshe kwenye mchanga wenye unyevu. Kisha vunja na vitumba vya kwanza vyote, hadi mmea uwe na majani mapana na shina nene. Inauma. Mwaka wa kwanza nilishindwa, nikapata maua kumi na mawili ya kawaida badala ya manne ya kuwaita majirani.

Tena, angalia ncha za majani zinaelekea wapi: maua nayo yatatazama huko huko. Chomeka mwanzi wa kuegemea upande wa nyuma, na ugeuze chungu ili ncha zielekee njia unayopita.

Mashina yanaoza chini, na majani yana unga mweupe. (Dada wa Bagira)

Dada, kitalu chako hakipumui. Nami nilikosa hivyo hivyo: mvua za mwezi wa nne nilifunga plastiki pande zote, na asubuhi matone yalikuwa yanadondoka kutoka juu kama mvua ya pili. Nilipoteza nusu ya mimea. Acha uwazi juu kabisa, karibu na paa, na pande mbili uweke neti tu. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani wala kwenye kile kishimo kilicho juu ya kiazi. Petali iliyoangukia jani iokote siku hiyo hiyo, kwa sababu ukungu wa kijivu huanzia hapo. Palipooza kata hadi nyama safi, upake unga wa makaa.

Niko Goma. Changarawe ya volkano inafaa? (Papa wa Himbi)

Inafaa sana, Papa. Chekecha, osha vumbi, changanya sehemu moja na sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza vizuri. Begonia hupenda udongo mwepesi wenye uchachu kidogo, kwa hiyo usimwage majivu ya jikoni.

Yangu ina majani ya rangi ya fedha na zambarau, lakini maua ni madogo sana.

Hiyo ni begonia ya reksi. Hupandwa kwa ajili ya majani, na hakuna mbolea itakayoibadilisha.

Kiazi kikilala nikiweke wapi?

Kwenye sanduku lenye mchanga mkavu, mahali pa baridi pasipo na panya. Kitazame kila mwezi. Ukiona jicho la rangi ya waridi limetokeza, ukipande kwenye chungu, upande wenye kishimo ukitazama juu, na uwashe taa.