Maswali ya Wasomaji: Je, Kuwinda Kanga Kutaninoa Shabaha?

SWALI: Mhariri, nimekuwa nikirusha mishale kwa upinde kwenye ubao mmoja kwa muda mrefu. Je, nikiwinda kanga na sungura wa porini, shabaha yangu itaimarika? Msomaji, Arua.

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba windo dogo hufunza mambo ambayo ubao hauwezi kuyafunza, kwa kuwa sungura hasimami katika umbali uliopimwa, nawe hulazimika kukadiria mita kwa jicho, kuvuta upote, yaani kamba ya upinde, ukiwa umepiga goti kichakani, na kutegemea mshale mmoja tu. Hata hivyo, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda wanyamapori wanaolindwa bila kibali, kwa hiyo waulize kwanza maofisa wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Tena, kwa maoni yangu, kiumbe hai si wa kujifunzia, maana mshale uliokosea kidogo humwacha na jeraha akafie mbali.

Mazoezi hayo hayo unaweza kuyapata bila kuua. Tembea shambani ukiwa na mishale yenye ncha butu, uchague kishina kilichooza au kishungi cha nyasi, ukadirie umbali, urushe mara moja, kisha uhesabu hatua ulinganishe. Chagua shabaha yenye kichuguu kikubwa nyuma yake, kwani mshale uliopita juu ya nyasi huweza kumfikia mchunga mbuzi usiyemwona. Kagua kila mshale kabla ya kuurusha tena: ukunje taratibu karibu na sikio, na ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje kabisa.