Nilikula hela za kikoba: je, nitoe sadaka ya ukombozi?

Swali: Bwana asifiwe, mwalimu. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba, nikala shilingi 400,000. Nimetubu, lakini mtumishi mmoja anasema toba bila sadaka ya ukombozi haijakamilika. Nipeleke 400,000 hiyo hiyo madhabahuni kwake, maana "kutii ni bora kuliko dhabihu". Nitii?

Jibu: Asifiwe, dada. Usimpelekee hata mia.

Mstari huo, 1 Samweli 15:22, kila siku unapinduliwa kichwa chini miguu juu. Soma sura nzima. Sauli aliagizwa aangamize kila kitu cha Waamaleki. Akambakiza mfalme Agagi na mifugo iliyonona, na alipobanwa akasema mifugo ni ya kumtolea Bwana dhabihu. Samweli anamkemea mtu anayefunika uasi kwa sadaka, na hilohilo ndilo unalofundishwa ulifanye! Tena ukiangalia vizuri, kumtii Mungu kumeshageuka kumtii mtumishi.

Watakutajia fedha ya upatanisho ya Kutoka 30. Ipo kweli: nusu shekeli kwa kila aliyehesabiwa, kuanzia miaka 20. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Hakuna aliyepangiwa kiasi kulingana na dhambi yake. Halafu Petro anafunga mjadala (1 Petro 1:18-19): mlikombolewa si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Simoni mchawi alipoleta hela kununua karama ya Mungu, Petro huyohuyo alimwambia fedha yake ipotee pamoja naye. Wauza ukombozi wa leo sura hiyo ya Matendo, ya 8, wanairuka.

Kuhusu utii, angalia mpangilio wa Kutoka. Damu ya mwana-kondoo ni sura ya 12, bahari ya 14, Amri Kumi ya 20. Waliokolewa kwanza, wakaagizwa baadaye. Waefeso 2:8-10 inakwenda vivyo hivyo: neema, kisha matendo mema. Kwa hiyo utii wako haununui msamaha, lakini aliyesamehewa hakai na hela za wenzake.

Walawi 6:1-7 inataka mali irudi kwa mwenyewe pamoja na sehemu ya tano juu yake. Kwako ni 400,000 na 80,000, jumla 480,000. Dhabihu ya kondoo dume inayotajwa pale Kristo ameimaliza. Deni la wanakikoba bado liko daftarini. Hiyo sehemu ya tano siyo sheria inayokufunga leo, ila ni kipimo kizuri. Zakayo, yule mtoza ushuru aliyetubu mbele ya Yesu, alijipangia kurudisha mara nne. Kama huna zote, kaungame kikaoni, mkubaliane kiasi cha kila mwezi, kiandikwe na mwenyekiti atie sahihi.

Mjanja atakuja na Hesabu 5:8, kwamba malipo yanakwenda kwa kuhani. Msomee mstari wote: ni pale tu aliyekosewa asipokuwa na jamaa wa kupokea. Wenzako wa kikoba wapo, na namba zao za simu unazo.