Kuwa mhifadhi wa makumbusho ya historia ya mwanzo ya Marekani

Ndugu, nimekuelewa: una shahada ya historia, unaishi Massachusetts kwa viza ya masomo, unataka uhifadhi wa makumbusho, ila hujawahi kushika kitu cha kale. Hilo linarekebishika.

Tafuta mahali wanapoorodhesha mikusanyo, ujitolee. Vuta droo ya kabati la karne ya 18, uitazame kwa ndani na kwa chini: mbao za msonobari mweupe huonyesha lilitengenezwa New England, yaani kaskazini-mashariki mwa Marekani; za mwaloni, mara nyingi Uingereza. Jicho hilo hulipati kwa kusoma tu.

Shahada ya uzamili utaihitaji. Mimi ningeanza na programu ya makumbusho ya Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware, iliyoanzishwa 1952, ya miaka miwili. Kiswahili chako nacho ni mtaji mkubwa! Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, walipeleka merekani (kitambaa cha pamba) Zanzibar, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mkavu wa miti). Nenda makumbusho ya Peabody Essex, hukohuko Salem.

Nafasi ni chache na mikataba mingi ni ya muda mfupi, kwa hiyo usijitwishe mkopo mkubwa. Na kabla hujajitolea popote, muone mwanasheria wa uhamiaji, maana kujitolea kwingine huhesabiwa kuwa ajira.